Kuzuia Wadudu na Panya Nyumbani Baridi Inapoisha: Mwongozo Kamili

Joto la mwili wa mdudu hufuata joto la mahali alipo. Ndiyo maana majira ya baridi sisimizi hutulia chini ya msingi wa nyumba, malkia wa nyigu hujikunyata darini, na nzi hujibanza kwenye nyufa za fremu za madirisha bila kusogea. Hawali, hawazai, na wengi wao hawaufikii mwisho wa baridi. Majira ya machipuko yakiingia, wale wachache waliosalimika huamka wakiwa na njaa, kiu na haja moja kubwa ya kuzaana.

Hapo ndipo ilipo nafasi yako. Wiki chache za mwanzo wa joto ndizo wiki ambazo adui ni mchache kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mende jike mmoja wa wale wadogo wa kahawia wanaopenda jikoni hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na hutoa vifuko kadhaa maishani mwake. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa wiki 3 tu, kisha hushika nyingine mara baada ya kuzaa. Kazi ya mwisho wa juma moja mapema katika msimu inaweza kukuokoa miezi ya kupambana baadaye. Na kama unaishi kusiko na baridi, kipindi cha kazi hii ni mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijashika na kumbikumbi hawajaanza kuruka.

Kuna mpangilio mmoja ninaousisitiza: kagua kwanza, kata maji, ziba njia, ondoa chakula, na dawa ije mwisho. Wengi huanza na kopo la dawa ya kupuliza. Wanaua wale wanaoonekana, wanaacha mlango wazi na bomba likivuja, na baada ya mwezi wanarudi dukani.

Hatua ya 1: Kagua usiku kwa tochi

Mchana hutaona kitu. Mende na panya hutoka giza likishatulia. Zima taa zote za jikoni, subiri saa moja au mbili, kisha ingia kimya na tochi. Mulika kingo: pale sakafu inapokutana na ukuta, nyuma ya friji, chini ya sinki, kwenye bawaba za makabati, pembeni ya jiko. Ukimwona mende usikimbilie kumponda. Mwache akimbie, na umfuate kwa mwanga mpaka ufa anaoingia. Ufa huo una thamani kubwa kuliko huyo mende mmoja, kwa sababu mende hujikusanya wakifuata harufu ya kinyesi cha wenzao, na hapo ndipo wengine walipo. Weka alama kwa kipande cha utepe.

Kisha tafuta dalili. Kinyesi cha mende wadogo kinafanana na pilipili manga iliyosagwa, na hujaa kwenye pembe za kabati. Kinyesi cha panya mdogo kina urefu wa takriban milimita 6 na ncha zilizochongoka. Cha panya mkubwa hukaribia milimita 18. Kikiwa cheusi na laini ni kipya. Kikiwa cha kijivu na kinavunjika kwa kuguswa na kijiti, huenda ni cha zamani. Panya hupita njia ileile kila usiku wakijisugua ukutani, kwa hiyo angalia mistari myeusi ya mafuta juu kidogo ya sakafu. Ukiwa na shaka, nyunyiza poda nyembamba kandokando ya ukuta jioni na uitazame asubuhi: nyayo na mkia vitakuwa vimechoreka humo.

Nje, zunguka nyumba mchana. Chuchumaa kabisa ili uuone msingi vizuri. Unatafuta vijia vya udongo vyenye unene wa penseli vinavyopanda kutoka ardhini: hiyo ni barabara ya mchwa. Tafuta pia mashimo, nyaya na mabomba yanayoingia ukutani, na matundu ya hewa yasiyo na wavu. Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi na uandike kila ulichokiona. Ramani hiyo ndiyo orodha yako ya kazi.

Hatua ya 2: Kata maji

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Yule mende mdogo wa jikoni anaweza kukaa karibu mwezi mzima bila chakula ikiwa ana maji, lakini bila maji hamalizi wiki 2. Jikoni safi lenye bomba linalovuja bado ni makazi mazuri kwake.

Anza chini ya sinki. Toa kila kitu, futa mabomba yote mpaka yakauke kabisa, halafu funga karatasi kavu ya tishu kuzunguka kila kiungio. Fungulia maji kwa dakika chache, funga, na usubiri. Tishu itakayolowa ndiyo inayokuonyesha kiungio kinachovuja, hata kama tone ni dogo kiasi kwamba hujawahi kuliona. Mara nyingi dawa yake ni kukaza kiungio au kubadilisha washa, ule mpira mdogo wa duara ulio ndani yake.

Kisha nenda nyuma ya friji. Friji nyingi zina trei chini ya mashine inayokusanya maji ya barafu iliyoyeyuka. Pale kuna joto, giza na maji kwa pamoja, na wengi hawajui kama trei hiyo ipo. Ivute ikiwezekana, ioshe, na uifanye kuwa sehemu ya usafi wa kila mwezi. Usiku kamua sifongo na dekio vikauke, usiache vyombo vikiwa vimelowekwa kwenye sinki, na inua bakuli la maji la mnyama kama anaweza kukaa bila maji mpaka asubuhi.

Mabomba ya maji machafu yasiyotumika yana hatari yake. Ile kona iliyopinda chini ya sinki au shimo la bafuni hushikilia maji yanayozuia harufu na wadudu wa mfereji wasipande. Bafu la wageni lisilotumika kwa muda mrefu hukaukiwa na maji hayo, na mende wakubwa hupanda moja kwa moja. Mwaga maji humo mara moja kwa wiki.

Nje, mwaga maji yaliyotuama kila wiki bila kukosa, kwa sababu kwenye joto yai la mbu hugeuka kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi. Lakini kumwaga peke yake hakutoshi. Mbu wa jamii ya Aedes, wale wanaoeneza dengi, hugandisha mayai kwenye kuta za chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kuvumilia ukavu hadi miezi 8. Sugua kuta za ndoo, sahani za vyungu vya maua na mapipa kwa brashi, kisha ufunike vinavyofunikika.

Hatua ya 3: Ziba njia

Vipimo 2 vya kukumbuka: panya mdogo hupita kwenye tundu la milimita 6, na panya mkubwa kwenye tundu la milimita 12. Chukua penseli uzunguke nayo. Penseli ikiingia, panya mdogo naye ataingia.

Usizibe tundu la panya kwa povu, tambara au plastiki peke yake. Panya huvitafuna kwa usiku mmoja. Sokomeza sufi ya chuma, ikiwezekana isiyoshika kutu, mpaka ijae na kukaza, halafu ifunike kwa silikoni au saruji. Kwenye matundu ya hewa na mashimo ya kutolea unyevu ukutani tumia wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Hayo usiyazibe moja kwa moja, kwani ukuta usiopumua hushika unyevu, na unyevu huleta wadudu wengine. Bomba la kutolea moshi wa jiko au hita ya gesi usiliguse kabisa: likizibika, hewa yenye sumu hubaki ndani na inaweza kuua watu wakiwa usingizini.

Milango ijaribu kwa mwanga. Simama ndani ya chumba chenye giza wakati wa mchana, mlango ukiwa umefungwa, uinamie sakafu. Kila mahali unapoona mwanga ni njia. Funga mpira au brashi chini ya mlango na uiguse sakafu pande zote, maana panya huanzia kwenye pembe. Nyavu za madirisha ziwe na matundu yasiyozidi milimita 1.5 ili mbu wasipite, na ukague kingo zake: wavu mzima kwenye fremu iliyoachia hauna kazi.

Ndani, ziba kwa silikoni nyufa kati ya kabati na ukuta, nyuma ya sinki, na pale mabomba yanapopenya. Mende wachanga hujificha kwenye nafasi ambayo kadi ya benki inaingia kwa shida.

Neno la tahadhari kuhusu mpangilio. Ukiziba kila kitu kwa siku moja huku panya wamo ndani, watafia ukutani na harufu itakutesa kwa wiki. Ziba matundu ya nje, weka mitego ndani, na yale ya ndani uyazibe mitego ikishakaa siku kadhaa bila kunasa. Huu pia ni msimu wa ndege na popo kulea makinda darini. Subiri yaruke kwanza; popo wanalindwa na sheria katika nchi nyingi.

Hatua ya 4: Ondoa chakula na maficho

Vyakula vikavu vyote viingie kwenye vyombo vya kioo, bati au plastiki ngumu yenye kifuniko cha kubana. Mfuko uliokunjwa na kubanwa kwa kibanio haumzuii mdudu wala panya. Viwavi vya nondo wa unga hutoboa plastiki nyembamba. Unga au nafaka ukiishuku, igandishe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4, na fukusi pamoja na mayai yao watakufa.

Vuta jiko kutoka ukutani. Nasema hivi kwa sababu mafuta na makombo ya pale nyuma hulisha mende wengi hata kama meza inang'aa. Chakula cha mbwa au paka kipimwe, na kinachobaki kiondolewe kabla ya kulala.

Maboksi yanastahili kuangaliwa kwa ukali zaidi. Mende wengi hawatembei kuja kwako, hubebwa: kwenye katoni, kwenye mikoba, ndani ya vyombo vya umeme vilivyotumika. Fungulia maboksi nje, toa vilivyomo, kunja boksi na ulitupe siku hiyohiyo. Kunguni nao huja kwa njia hiyo, hasa kwenye fanicha za mitumba, kwa hiyo kagua mishono ya kiti kabla hakijavuka mlango. Nguo za sufu zifue kabla ya kuziweka kabatini, kwani viwavi vya nondo hufuata jasho na madoa ya chakula.

Kama nyumba ilikuwa imefungwa kipindi chote cha baridi na ilikuwa na mnyama, jihadhari na viroboto. Wakiwa ndani ya vifukofuko vyao hukaa miezi wakisubiri mtikisiko na joto la mwili, na mtu anapoingia huibuka wote kwa mpigo. Fyonza sakafu na zulia kwa mashine, mwaga vumbi nje ya nyumba mara moja, na umpe mnyama dawa yake.

Hatua ya 5: Nje ya kuta

Hapa kazi ni nyepesi. Kata matawi yanayogusa paa. Sogeza kuni mbali na ukuta na uziinue juu ya ardhi. Acha angalau sentimita 15 kati ya udongo na mbao yoyote ya nyumba. Safisha mifereji ya paa. Taa ya mlangoni iwe ya rangi ya njano, kwani taa nyeupe na ya bluu huvuta wadudu wengi zaidi.

Kwa nyigu, wakati ni huu. Mwanzo wa msimu malkia hujenga peke yake kiota kidogo chini ya ukingo wa paa. Kukibandua jioni kwa fimbo ndefu ni jambo rahisi. Ukisubiri miezi 2 au 3, kitakuwa na walinzi wengi. Mwenye mzio wa sumu ya nyigu asiikaribie kazi hiyo.

Hatua ya 6: Wakiwa wameshaingia

Sisimizi. Mstari unaouona jikoni ni sehemu ndogo ya kundi. Malkia yuko kwenye kiota, na ukipuliza dawa ya kuua papo hapo unaua wafanyakazi waliotumwa nje tu. Baadhi ya aina hata hugawanyika na kuanzisha viota vipya wanapopulizwa. Wape chambo chenye sumu ya taratibu wakipeleke nyumbani. Pale boraksi (unga mweupe wa madini) inaporuhusiwa kuuzwa, koroga gramu 1 ya boraksi na gramu 25 za sukari kwenye mililita 100 za maji ya moto, lowesha pamba, na uiweke kando ya njia yao ndani ya kijibati kilichotobolewa ili mtoto au mnyama asiifikie. Usizidishe boraksi, maana mfanyakazi akifa njiani hajamlisha malkia. Watajazana kwenye chambo. Vumilia, usiwaguse, na ubadilishe pamba ikikauka. Wakiipuuza sukari, jaribu chambo cha protini, kwani mahitaji ya kundi hubadilika. Mstari ukishakatika kabisa, ndipo uifute njia yao kwa maji ya sabuni ili kuondoa harufu wanayoifuata.

Mende. Tumia dawa ya jeli, matone madogo mengi kwenye zile nyufa ulizoziwekea utepe, wala si tone moja kubwa katikati ya rafu. Usipulize dawa nyingine karibu na jeli, itawafukuza wasiile. Baada ya wiki chache rudia, ili uwapate waliototolewa baadaye. Yale makopo ya kufukiza chumba kizima siyapendekezi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba hayakupunguza mende majumbani, huku yakiacha sumu kwenye sakafu na meza. Jeli ilifanya kazi katika nyumba za aina hiyohiyo. Tena moshi wa makopo hayo huweza kulipuka penye moto wa gesi.

Panya. Mtego wa kubana bado ndio silaha bora. Uweke ukigusana na ukuta kwa pembe ya mraba, upande wa chambo ukielekea ukutani, kila baada ya mita 2 au 3 penye dalili. Panya wakubwa huogopa kitu kigeni, hivyo acha mtego na chambo bila kuutega kwa siku chache mpaka wazoee. Kinyesi chao usikifagie kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta na maradhi mengine. Fungua madirisha, vaa glavu, lowesha kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya bilichi na 9 za maji, subiri dakika 5, kisha uokote kwa karatasi. Vifaa vya kutoa sauti isiyosikika na watu visikuvutie: mwaka 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi.

Mchwa. Wadudu wenye mabawa wakitokea ndani ya nyumba, mtazame mmoja kwa karibu kabla ya kufagia. Kumbikumbi ana mabawa manne yaliyolingana urefu, kiuno kinene na vipapasio vya kichwani vilivyonyooka. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda na mabawa ya mbele marefu zaidi. Kama ni kumbikumbi, weka wachache kwenye chupa na umwite mtaalamu. Kijia cha udongo kivunje sehemu ndogo tu. Kikirekebishwa ndani ya siku chache, mchwa wamo kazini.

Hatua ya 7: Dawa ikibidi

Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi ya nyumbani, kamwe si ya shambani iliyopunguzwa makali kwa kubahatisha. Soma lebo yote. Usihamishie dawa kwenye chupa ya soda. Watoto wamekufa kwa sababu hiyo. Dawa za permethrini ni hatari sana kwa paka na samaki. Sumu ya panya iwe ndani ya kisanduku kinachofungwa, na fahamu kwamba nyingi huzuia damu kuganda na huchukua siku kadhaa kuonyesha athari: mtoto au mbwa akiila, nenda hospitalini au kwa daktari wa mifugo mara moja na pakiti mkononi, hata kama anaonekana mzima.

Hatua ya 8: Endelea kuwapima

Weka mitego ya gundi chini ya sinki, nyuma ya friji na kando ya choo. Andika tarehe juu ya kila mmoja na uhesabu walionaswa kila wiki. Ikipungua, endelea. Isipopungua baada ya mwezi mmoja au zaidi, au ukiwa na mchwa au kunguni, ita watu wa fumigesheni. Kabla ya kuwalipa waulize ni mdudu gani wamemtambua, kiambata cha dawa kinaitwaje, familia ikae nje kwa saa ngapi, na watarudi lini kukagua. Anayetaka kupuliza nyumba nzima bila kuinama kuangalia chini ya sinki, mshukuru na utafute mwingine.